Maswali ya jikoni: makala (mkaa), umeme au gesi wakati huu wa baridi?

Mwezi wa sita umeingia Lubumbashi, na barua zenu zimebadilika. Karibu kila moja ina neno baridi, na karibu kila moja ina neno pesa. Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari za mji huu hadi nilipostaafu, na hapa Kamalondo ninapoishi nanunua makala kwa wauzaji walewale mnaonunua kwao. Nitajibu barua tano. Ya pili naomba isomwe kwa sauti nyumbani, wote wakiwepo.

Jambo Mwalimu. Niko na familia ya watu saba hapa Katuba. Tunapika kwa makala, na asubuhi lazima nipashe maji ya watoto ya kuoga kabla ya shule. Zamani mfuko mmoja ulitufikisha mwisho wa mwezi, sasa katikati ya mwezi umekwisha. Jirani yangu anapika usiku kwa resho ya umeme, anasema ni bure. Mume wangu anataka tununue chupa ya gesi. Kweli ni ipi yenye gharama ndogo? Mama wa watoto watano, Katuba.

Jambo Mama. Bei ya mfuko haiwezi kukujibu, na bei ya chupa ya gesi haiwezi pia. Unachonunua ni joto linaloingia ndani ya sufuria. Linalopotea pembeni umelilipia vilevile, ila halikuivishi kitu.

Tuanze na makala. Kilo moja ya makala makavu ina nishati ya karibu kilowati-saa 8. Ni nyingi sana. Lakini ukiyawasha kwenye mbabula (jiko la makala) ya bati ya kawaida, ile iliyo wazi pande zote, sehemu kubwa inapasha hewa ya uwanja. Sufuria inapata kama asilimia 15, yaani kilowati-saa 1 na kidogo. Mbabula iliyojengewa udongo wa kuchomwa ndani inafikisha robo au zaidi ya robo, yaani kilowati-saa 2 na kidogo kwa kilo ileile. Gesi ina karibu kilowati-saa 13 kwa kilo, na jiko lake zuri linafikisha zaidi ya nusu kwenye sufuria: tuseme 7. Umeme unahesabiwa tayari kwa kilowati-saa, ile tunayoita yuniti. Resho ya sahani inafikisha karibu saba ya kumi, na birika la umeme linafikisha tisa ya kumi, kwa sababu chuma chake kinazama ndani ya maji yenyewe.

Kutokana na hapo unapata kanuni ambayo haizeeki hata bei zikipanda kesho. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 6 za makala kwenye mbabula ya bati, au kama kilo 3 kwenye mbabula ya udongo. Yuniti moja ya umeme kwenye resho inafanya kazi ya zaidi kidogo ya nusu kilo ya makala kwenye mbabula ya bati.

Sasa nenda sokoni na kalamu. Usikubali neno "mfuko". Mifuko hailingani, na ile iliyofungwa kichwa cha majani juu inaonekana mirefu kuliko ilivyo. Omba mizani ya muuza maharagwe, pima makala uliyonunua, gawa bei kwa kilo. Zidisha bei ya kilo hiyo kwa 6. Ikiwa kilo ya gesi inauzwa chini ya hapo, mume wako ana haki kuhusu matumizi ya kila siku, na kinachobaki ni kujua mtalipaje chupa na jiko la kwanza. Ikiwa inauzwa juu ya hapo, baki na makala. Gesi yetu inafika kwa barabara kutoka nje ya nchi, kwa hiyo bei yake inafuata lori na mpaka. Rudia hesabu kila mnapotaka kujaza. Na chupa ipimwe mbele yako. Uzito wake ikiwa tupu umegongwa kwenye chuma chake cha juu.

Mimi lakini, kabla ya chupa ya gesi, ningekushauri ubadilishe mbabula. Nasema hivi kwa uzito wote. Nchini Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya, sehemu ya mji huu) tangu miaka ya 1980 mafundi wanatengeneza jiko la bati lenye udongo ndani, na limepunguza makala kwa theluthi moja hadi nusu. Mafundi wetu wanaokunja mabati wanaweza kazi hiyo. Ukinunua, angalia mambo haya: udongo usiwe na ufa, mlango wa majivu ufunguke na kufunga ili uweze kuubana moto ukishawaka, na sufuria yako ikae karibu na makala. Sufuria inayoning'inia juu sana inaota moto kwa mbali.

Kuhusu jirani yako. Wengi wetu hatuna mita, tunalipa kiasi kilekile kila mwezi, ndiyo maana resho yake inaonekana bure. Kwa mfuko wake ni kweli, leo. Lakini mtaa mzima ukiwasha resho kwa wakati mmoja, ile kuranti inaporudi, waya zinalemewa na volti zinashuka. Resho iliyotengenezwa kwa volti 220 ikipata 160 haipungui kidogo tu; nguvu yake inashuka hadi karibu nusu, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Maji yanakaa muda mrefu bila kuchemka, huku sufuria ikipoteza joto muda wote huo. Halafu kabini (transfoma ya mtaa) inaungua, na mtaa wote unarudi kwenye makala kwa wiki nyingi. Basi umeme ukiwepo, utumie kwa birika: maji ya chai, maji ya kunywa, maji ya kuanzia bukari (ugali). Ni hapo unapofanya kazi kwa faida kubwa zaidi.

Tuje kwenye maji ya kuoga, maana nadhani ndiyo yanakumaliza. Ndoo ya lita 20 ikitoka kwenye ubaridi wa asubuhi hadi joto la kumwogesha mtoto inahitaji karibu nusu kilowati-saa. Kwenye mbabula ya bati hiyo ni kama gramu 400 za makala, bila kuhesabu yale ya kuwashia. Fanya hivyo kila siku ya shule na utaona mfuko ulikokwenda.

Na wakati huohuo, Mama, tuna anga lisilo na wingu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, jua la Lubumbashi linamwaga karibu kilowati-saa 5 kwa siku kwenye kila mita moja ya mraba ya uwanja wako. Paka bidoni (dumu la maji) rangi nyeusi, ilaze juu ya bati au ubao mahali pasipo upepo, ifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, asubuhi mapema. Saa kumi jioni maji yana uvuguvugu mzuri. Wabadilishie watoto saa ya kuoga: waoge jioni wakitoka kucheza, asubuhi wanawe uso na miguu tu. Badiliko hilo la saa litakuokolea pesa bila mbabula wala gesi.

Mwisho wa jibu lako: bukari ikishaiva, makala yaliyobaki bado yana kazi. Weka sufuria ya maji palepale, na kifuniko. Maji yakipata moto, mwaga makala kwenye kopo la chuma lenye kifuniko na uyafunge yazimike yenyewe. Usiyamwagie maji. Kesho yatawaka upesi kuliko mapya.

Mwalimu, mke wangu amejifungua mtoto wa kike wiki iliyopita. Nyumba yetu ni ya matofali na mabati, bila dari, na usiku baridi inauma. Mama mkwe amekuja kutusaidia. Anataka tuingize mbabula chumbani usiku. Anasema moshi ukishakwisha na makala yakiwa mekundu hakuna hatari, na anaweka bakuli la maji pembeni. Mimi nina wasiwasi lakini siwezi kubishana na ukwe. Baba kijana, Ruashi.

Baba, usiku wa leo mbabula isiingie. Soma kwanza sentensi hiyo kwa mke wako, halafu tuendelee.

Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Moshi una faida moja: unauma macho, unakukohoza, unakufukuza. Makala yakishakuwa mekundu, na hewa ya chumba ikaanza kupungua, yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu, haina rangi, haina ladha. Inaingia mapafuni kama hewa ya kawaida na kushika damu mahali pa oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini mwili unakosa hewa. Mtu aliye macho anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu aliyelala hasikii kitu. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko sisi, naye hawezi kusema.

Bakuli la maji halisaidii. Gesi hii karibu haiyeyuki katika maji. Kitambaa chenye maji hakisaidii, kitunguu kilichokatwa hakisaidii. Dirisha lililofunguliwa ufa mdogo si ulinzi wa kutegemea. Nimekaa kwenye kilio cha nyumba ambamo watu walifunga mlango vizuri wasipigwe na baridi, mbabula katikati, na sitaki kukaa kwenye kilio kingine cha namna hiyo katika mji huu. Kila kiangazi tunazika watu kwa jambo ambalo lingezuiwa kwa kuacha mbabula uwanjani.

Mama mkwe wako si mjinga, na sitaki umchukulie hivyo. Huenda alikulia kijijini katika nyumba ya paa la majani, ambamo hewa inapita juu, kando na mlangoni. Hata humo sumu ilikuwepo, ila ilipata njia ya kutoka. Wewe unaishi ndani ya matofali, saruji, bati na kioo, na umeziba matundu kwa sababu ya baridi. Makala ni yaleyale, nyumba imebadilika. Na kwa kuwa wewe ni mkwe, usiende kumwambia mwenyewe. Mke wako amsomee mama yake ukurasa huu, wakiwa wawili. Mama aliyesafiri kumlea mjukuu atakuwa wa kwanza kuitoa mbabula akielewa.

Ikiwa tayari mmelala nayo hata usiku mmoja, jihadharini na jambo hili: dalili zake zinafanana na malaria. Kichwa, kutapika, uchovu. Watu wanameza dawa ya malaria na usiku wanairudisha mbabula. Ukiona watu wote wa chumba kimoja wameamka na kichwa kinauma asubuhi moja, bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, usifikirie mbu. Fungua mlango, toa watu kwanza, mbabula baadaye, na nendeni hospitali. Mwambieni muuguzi waziwazi kwamba mlilala na makala. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni ni nzuri wakati si nzuri, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kwa hewa ya kawaida damu inachukua saa nne au tano kuondoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni safi ya hospitali inachukua kama saa moja na nusu, au chini ya hapo.

Sasa mtoto apate joto wapi? Kifuani kwa mama yake, na kifuani kwako pia. Mvue nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, umlaze ngozi kwa ngozi ukiwa umekaa macho, blanketi mgongoni kwake, uso wazi. Madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, walianza kuwalea hivyo watoto waliozaliwa kabla ya wakati mwaka 1978 kwa sababu vifaa vya kuwatunzia havikutosha, na leo njia hiyo inafundishwa duniani kote. Mtoto wako aliyezaliwa kwa wakati wake atafaidika vilevile. Ukianza kusinzia, mpe mwenzako.

Kitanda kipashwe kabla ya kulala. Jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye ile chupa ya mpira inayouzwa kwenye maduka ya dawa, ifunge kwa kitambaa kinene, iweke mahali mtoto atakapolala kwa nusu saa, kisha itoe. Isibaki naye. Watu wazima wanaweza kulala nayo miguuni. Blanketi mnazo juu; mna nini chini? Mkeka na godoro jembamba juu ya saruji vinanyonya joto usiku kucha. Tandika katoni na gunia safi chini ya godoro, utaona tofauti usiku uleule. Mchana anika blanketi zote juani, na uzikunje kabla jua halijazama.

Halafu paa. Usiku wa mwezi wa sita hauna wingu, na bati linatupa joto lake moja kwa moja angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa inayoligusa. Ndiyo sababu asubuhi linachuruzika umande bila mvua. Chumba kisicho na dari kinalala chini ya bati hilo. Kabla ya kununua kitu chochote cha kuleta joto, weka dari: mbao nyembamba ukiweza, mikeka, au magunia yaliyoshonwa pamoja na kuvutwa vizuri ukutani hadi ukutani. Kinachofanya kazi ni hewa iliyotulia kati ya bati na dari. Ikae mbali na mshumaa na waya za umeme. Mtu mzima aliyelala anatoa joto la kama wati 70, hivyo ninyi wawili na bibi ni zaidi ya wati 200 kila usiku bila malipo. Dari ndiyo inayowawekea joto hilo ndani.

Hongereni kwa binti.

Mwalimu, mimi ni mpangaji katika lupango lenye nyumba nne huko Kampemba. Tuna mita moja. Tangu baridi ianze nawasha hita ya umeme usiku, ya wati 1,000. Majirani wanasema mimi ndiye ninayemaliza yuniti na nilipe zaidi. Mimi naona kila mtu ana taa, friji na simu, kwa hiyo tugawane sawa. Nani ana haki? Mpangaji.

Wao, ndugu yangu.

Hita ya wati 1,000 inakula yuniti moja kila saa inapowaka. Ukiiwasha kwa muda wa saa nane, usiku kucha, ni yuniti 8. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizohizo nane haifiki hata sehemu moja ya kumi ya yuniti. Simu inachukua kiasi ambacho hakifai kuhesabiwa. Friji ndogo iliyo nzima inatumia yuniti 1 au moja na nusu kwa siku nzima. Usiku wako mmoja ni friji ya jirani kwa karibu wiki. Kugawana sawa ni kuwafanya wajane na wanafunzi wa lupango wakulipie joto lako.

Kaeni chini pamoja, kila nyumba iandike vyombo vyake: wati zilizochapishwa nyuma ya chombo, mara saa za kila siku, gawanya kwa 1,000. Mgawane malipo kwa hesabu hiyo. Mkiweza kuchanga, fundi aweke mita ndogo kwa kila nyumba, na ugomvi utakwisha kabisa.

Ila tazama hesabu nyingine. Kupasha lita moja na nusu za maji kwa ajili ya chupa ya mpira niliyomweleza baba wa Ruashi kunachukua kama sehemu moja ya kumi ya yuniti. Saa moja ya hita yako inatosha maji ya chupa nane au tisa. Hita inapasha kuta, bati na hewa inayotoroka chini ya mlango; chupa inapasha kitanda ulimo. Ziba chini ya mlango kwa nguo iliyokunjwa, maana kwako hakuna moto wa makala ndani, pasha maji kwa birika, ulale.

Nina neno pia kwa wale wanaotumia chuma cha kuzamisha kwenye ndoo. Chomoa kwanza, ndipo uguse maji. Usimwache mtoto karibu. Na waya uliounganishwa kwa mkono na kufungwa plastiki haubebi wati 1,000 usiku kucha; ukiushika ukausikia una joto, umeshaanza njia ya kuunguza nyumba.

Mwalimu, ninauza makala komini ya Kenya, ndiyo inayolisha watoto wangu. Mwezi uliopita uliandika watu wapime kwa kilo na wapunguze makala. Wateja wameanza kunisumbua. Unataka tule nini? Mama muuzaji.

Mama, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu una haki ya kuuliza.

Kupata kilo moja ya makala katika tanuru la udongo kunahitaji kilo 5 hadi 10 za mti. Mfuko wa kilo 50 ni mti wa kilo 250 hadi 500. Wewe mwenyewe unajua makala yalikotoka zamani na yanakotoka sasa. Miombo iliyokuwa karibu na mji imekwenda, baiskeli zinasukumwa kutoka mbali zaidi kwenye barabara ya Kasenga na ya Likasi, na kila kilomita iliyoongezeka iko ndani ya bei unayomlipa anayekuletea. Msitu ukizidi kurudi nyuma, wewe ndiye unayebanwa kati ya bei ya kununulia na mteja asiye na pesa.

Uza kwa kilo. Mteja anayejua kwamba kwako kilo ni kilo, na makala ni makavu, atapita wengine aje kwako. Weka mifuko juu ya mbao, isiguse ardhi, hasa kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua zinapoanza. Makala yaliyonyonya maji yanaongeza uzito na kupunguza moto, na mteja anayapima kwa hasira siku ya pili. Vumbi la makala usilitupe: likichanganywa na udongo kidogo na ugali mwepesi, likafinyangwa na kukaushwa, linatoa mabonge ya kuchemshia maharagwe. Uza na mbabula za udongo palepale ulipo. Mnunuzi wa mbabula moja nzuri atanunua makala kidogo zaidi, lakini atanunua kwako.

Na kwa wale wanaokuletea, waambie wakate mti waache kisiki, wasikichome. Miti ya miombo inachipuka tena kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi, ikiachwa bila moto wala jembe. Inachukua miaka 20 au 30 kuwa mti wa kukatwa tena. Watoto unaowalisha leo watakuwa watu wazima wakati huo, na watahitaji kupika.

Mwanangu Mwalimu, nimesikia kwamba sufuria inaweza kuiva ndani ya kikapu bila moto. Ni kweli? Naweza kuivisha maharagwe na sombe? Bibi, Katuba.

Shikamoo Bibi. Ni kweli, na kwa maharagwe inafaa sana.

Hapa tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagwe yetu yanachelewa. Yaloweke tangu jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, uyachemshe kwa nguvu nusu saa nzima. Usipunguze hapo, maana maharagwe mekundu yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli. Kisha funika sufuria vizuri, iingize haraka kwenye kikapu kikubwa kilichojaa blanketi za zamani au pumba kavu, chini, pembeni na juu, unene wa kiganja. Iache saa tatu au nne bila kuchungulia. Ukiitoa, iwashie moto ichemke tena, ndipo utie chumvi, kitunguu na mafuta. Sufuria ikiwa imejaa inafanya vizuri. Sufuria yenye vikombe viwili vya maharagwe inapoa kabla haijaivisha.

Sombe, Bibi, isiingie kikapuni mwanzoni. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kwa mvuke. Yatwange hadi yalainike kabisa, yachemshe kifuniko kikiwa wazi, na yakae motoni muda ule uliofundishwa na mama yako. Yakishaiva na umetia mawese, hapo kikapu kitakutunzia sombe ya moto mpaka wajukuu warudi shuleni.